Nililipa Kuchimba, Nikalipa Kufukia

Daftari ninalo mpaka leo, lile la kurasa 96, jalada limechakaa kwa matope. Marehemu baba alipenda kusema mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila shilingi iliyoingia kwenye kiwanja chetu cha Ipuli, hapa Tabora mjini, niliiandika: vijana wa kisima, matofali, nauli ya machipukizi, maji ya mkokoteni, hata soda za mafundi. Niliandika nikiamini siku moja nitawaonyesha wanangu tulikoanzia. Septemba 2020 nilikaa mkekani nikajumlisha ukurasa kwa ukurasa. Nikadhani nimekosea, nikampa baba watoto naye ajumlishe. Akajumlisha, akafunga daftari, akaenda kulala bila neno. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, na huyu ni mtu ambaye halali kabla ya taarifa ya habari.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyenunua kiwanja mwaka huu na mikono inamwasha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kamachumu, wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Kwetu nyumba huioni kutoka barabarani. Unaingia kwanza kwenye migomba, unatembea kwenye kivuli, majani yanakugusa mabega, ndipo unaikuta nyumba imekaa katikati kama yai kwenye kiota. Hicho ndicho kibanja. Mhaya asiye na migomba nyumbani ni kama mtu aliyehamia jana, hata akikaa miaka kumi. Baba watoto alipohamishiwa Tabora kikazi nami nikapata uhamisho, tulipanga Cheyo miaka minne, na muda wote huo nilikuwa nikinunua ndizi sokoni kwa aibu ya moyoni.

Februari 2018 tukapata kiwanja, mita 30 kwa 40, kikiwa na boma la vyumba vitatu lililoezekwa nusu. Siku tuliyokwenda kukiona mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nyasi zilifika kiunoni, vyura wanalia, kwenye kona moja maji yametuama. Nikamwambia baba watoto, ardhi hii ina rutuba na maji. Tukalipa wiki ile ile.

Nilikuwa nimeishi Tabora miaka minne, nimeshapitia viangazi vinne, nimekula vumbi la Septemba na jua la Oktoba. Nilijua kabisa kwamba mvua hapa inaanza Novemba na kuisha Aprili, ikizidi sana mwanzo wa Mei, halafu ni ukavu mpaka Novemba nyingine. Lakini nilikuwa nimeyajua kama mpangaji anavyoyajua, yaani kwa kufua nguo na kutafuta ndoo. Nilipoona nyasi za kijani kwenye kitu kilichokuwa changu, nikasahau yote. Ukitaka kununua kiwanja hapa, nenda kakitazame Oktoba. Februari kila kiwanja cha Tabora ni kizuri.

Kisima tulianza Aprili. Tulipata vijana wawili, wachapakazi kwelikweli, tukakubaliana Sh 12,000 kwa futi. Futi ya 17 udongo ukawa tope. Futi ya 22 maji yakawa yanaingia kwa kasi hata wakashindwa kuendelea, kila wakishusha ndoo ya udongo inapanda ndoo ya maji. Walipotoka shimoni wametapakaa matope nilipiga vigelegele. Majirani wakaja kutazama. Mzee mmoja wa nyumba ya pili, mwenye mwembe mkubwa uliomzidi umri, naye alikuja na fimbo yake, akachungulia, akasema, “Maji ya Aprili hayo, mwalimu.” Nikasema, “Ndiyo, mzee, tumshukuru Mungu.” Akatabasamu akaondoka. Nilidhani amenipongeza.

Tukajenga ukuta wa ndani kwa matofali ya kuchoma 1,400. Mifuko tisa ya saruji, mchanga, fundi, mfuniko, roda ya kuvutia kamba. Pamoja na kuchimba, Sh 804,000. Udongo uliotoka shimoni ulikuwa umejaa uani, nikalipa elfu thelathini zaidi vijana wa mikokoteni wauondoe, wakampelekea mtu wa mtaa wa pili aliyekuwa anajaza msingi wa nyumba yake. Kumbuka huo udongo, tutaurudia.

Kosa liko wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi wa wakati ule. Udongo wa upande wetu ni wa kichanga, unakunywa maji haraka, halafu chini kuna tabaka gumu. Mvua ya miezi sita inashuka, inafika pale inasimama kwa muda. Nilichokuwa nimekipata futi ya 17 ni mvua ya Machi iliyopumzika njiani. Kisima huchimbwa mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, wakati maji yameshuka mpaka mwisho wa kushuka kwake. Ukiyapata wakati huo, hayo ndiyo yako. Na kabla ya kumwita mtu mwenye sururu, zunguka nyumba kumi uliza kila mwenye kisima swali moja tu: Oktoba mnachota wapi? Usiulize kama kina maji. Kila mmoja atakwambia kinayo.

Juni tukahamia, na likizo ilipofika nikaanza mashimo.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hela za kisima ziliniuma lakini mashimo ndiyo yaliyonivunja. Nilipima mistari sita, mashimo sita kila mstari, mita tatu kutoka shimo hadi shimo, kila moja futi tatu kwenda chini na futi tatu upana. Mashimo 36. Nilikataa kuajiri mtu. Kwetu migomba ilikuwa kazi ya nyumba, si ya kibarua, nami nilitaka iwe na jasho langu. Juni ardhi ya Tabora imeshakauka, ukipiga jembe linaruka. Nilitumia sururu, nikimwaga maji usiku ili asubuhi palainike. Mashimo mawili kwa siku, mengine siku nzima shimo moja. Viganja vikapasuka, vikaota sugu, sugu nazo zikapasuka. Shule ilipofunguliwa nikawa naandika ubaoni kwa kushika chaki na vidole viwili. Watoto wakadhani naumwa.

Na kila shimo lililokamilika lilinipa uhakika zaidi. Sijui kama naeleweka. Nilikuwa nikitazama ile mistari jioni, imenyooka kama madawati, najiambia kazi kubwa namna hii haiwezi kwenda bure. Nilichukua uchovu wangu nikaufanya ushahidi. Laiti ningekuwa mvivu ningechimba mashimo matatu, nikapanda, nikangoja nione. Mtu mvivu angeokoa laki kadhaa.

Machipukizi niliyafuata nyumbani mwenyewe. Mama alinichagulia 39, akayachonga mizizi, tukayafunga kwenye viroba viwili, nikapanda navyo basi hadi Tabora kwa nauli ya mizigo elfu arobaini. (Hilo nalo si jambo la kuiga. Machipukizi ya shambani husafiri na fukusi, na huko kwetu kuna mnyauko wa migomba. Leo ningetafuta miche iliyothibitishwa kuwa safi, au ningechukua ya jirani wa hapa hapa ambayo nimeona ikizaa.) Nikanunua samadi, mikokoteni 12 kwa elfu sita sita. Ilikuwa mbichi, bado ina mvuke asubuhi, nami nikafurahi kwamba ina nguvu. Samadi mbichi ikifukiwa inachemka, inaunguza mizizi. Inatakiwa ilale miezi mitatu hivi, umeifunika, uigeuze, mpaka ukiishika iwe ya baridi na inukie udongo. Mama alikuwa akifanya hivyo miaka yote nikiwa mtoto. Nilikuwa nikiona lile rundo nyuma ya zizi, sikuwahi kuuliza linangoja nini.

Nikapanda Agosti mwanzoni. Ndiyo, Agosti. Mtu mwenye kisima hahitaji kungoja mvua, ndivyo nilivyosema, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Yalibaki machipukizi matatu bila mashimo. Binti yangu wa kwanza akaniuliza ayatupe wapi, nikamwambia popote. Akayachomeka nyuma ya bafu la nje, bila shimo wala samadi, akaenda kucheza.

Septemba kamba ya kisima ikaanza kuwa fupi. Tukaiongeza. Katikati ya mwezi ndoo ikawa inapanda na tope nusu. Oktoba mwanzoni nilishusha ndoo nikasikia imegonga chini kavu, ule mlio sitausahau, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Nilikaa pale kwenye mdomo wa kisima mpaka giza likaingia. Sikulia. Nilikuwa nikipiga hesabu.

Hesabu ilikuwa hivi: mashina 36, dumu moja la lita 20 kwa kila shina, mara mbili kwa wiki. Mkokoteni wa maji wakati ule tulinunua dumu kwa Sh 400. Hiyo ni 28,800 kwa wiki, na mkungu wa ndizi sokoni ulikuwa elfu kumi na mbili. Mtu yeyote mwenye akili angeona hapo hapo. Mwalimu wa hisabati wa darasa la tano hakuona. Nilikuwa nikisema nikiacha sasa, mashimo yangu yatakuwa yamekwenda bure. Yalikuwa yameshakwenda bure siku nyingi, nami nilikuwa nayapelekea maji.

Tukarudi kwa wale vijana kuongeza kina. Sasa wakataka 25,000 kwa futi kwa sababu ya ukuta wa matofali uliokuwa juu yao, na walikuwa na haki, maana kuchimba chini ya ukuta uliokwisha kujengwa ni kujiweka kaburini. Nikijua ninayoyajua leo nisingewaruhusu kabisa. Futi ya 29 wakapata unyevu kidogo, vikombe vya tope, na mmoja akapendekeza washushe pampu ya petroli wakaushe wachimbe haraka. Baba watoto akakataa katakata. Amefanya kazi na injini maisha yake yote. Moshi wa injini ndani ya shimo hauna pa kutokea, unamlaza mtu bila hata kukohoa, na anayemfuata kumwokoa naye analala. Hilo ndilo jambo la busara lililofanyika kwenye kiwanja chetu mwaka ule, na si mimi niliyelifanya. Futi ya 31 sururu ikatoa cheche. Mwamba. Futi tisa kwa 25,000, Sh 225,000, na vijana wakakunja kamba zao. Hatukuwa tumeandikiana chochote kuhusu kukosa maji, kwa hiyo nililipa mpaka futi ya mwisho. Patana mapema: wakikuta mwamba nani anabeba hasara, na kwa kiasi gani. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa.

Uzio nao ulikuwa mwaka ule ule. Nguzo 70 za miti, seng'enge roli tatu, fundi. Tuliambiwa tupake nguzo oili chafu ili mchwa wasizile, nikanunua. Nilipotoka shule nikakuta nguzo zimepakwa vizuri, zinang'aa, na zimeshasimama. Baada ya masika ya pili zikaanza kulala moja baada ya nyingine kama watu wenye usingizi. Tukang'oa moja: juu nzima, chini penseli. Fundi alikuwa amepaka ile nusu inayoonekana. Iliyokuwa inakwenda ardhini, kwa mchwa, aliiacha kavu. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka nami nilikuwa nimekagua ile ile inayoonekana. Sh 450,000.

Kuhusu ukoka wa mbele ya nyumba sitasema mengi. Ulishika, mbuzi wa mtaa wakala, kiangazi kikamalizia. Elfu arobaini.

Mvua za Novemba 2018 zilikuta mashina 21 hai. Yakaamka, majani yakatoka, na moyo wangu ukaamka nayo, hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yenyewe. Kama yote yangekufa ningepona mapema. Aprili 2019 nikasoma mahali kwamba matandazo yanatunza unyevu, nikanunua nyasi kavu za elfu thelathini nikazirundika mpaka kwenye shingo za migomba. Matandazo ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo. Ila Tabora ni nchi ya mchwa, na nyasi kavu zilizogusa shina niliwatandikia njia ya kivuli mpaka mlangoni. Acha angalau upana wa kiganja kati ya nyasi na shina, na zifunue mara kwa mara uangalie. Oktoba nikabaki na mashina saba, membamba, majani yamechanika.

Novemba nikapanda mengine ishirini.

Najua. Baba watoto aliniuliza kwa upole, “Mama, bado tu?” Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Sababu ya kweli ilikuwa simu. Mama yangu hupiga kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili aliuliza hali ya watoto, halafu hali ya migomba. Tangu Oktoba ya kwanza nilikuwa nikimwambia inaendelea vizuri. Ukishasema uongo wa migomba Jumapili moja, ya pili inabidi migomba hiyo iwe imekua kidogo, ya kumi iwe imezaa. Nilimtumia hata picha. Niliipiga nyuma ya bafu nikiwa nimechuchumaa ili ukuta usionekane, maana yale matatu ya binti yangu yalikuwa yamenenepa, majani mapana ya kijani kibichi, na moja limeshika mkungu. Mama akaonyesha picha ile kijiji kizima.

Septemba 2020 akaja bila kutoa taarifa. Alitaka kutushangaza. Nilitoka shule nikamkuta amekaa barazani na mkoba wake, amekwisha kuzunguka uani. Mbele yake mistari sita ya mashimo yaliyozama, vijiti vikavu, na vumbi. Nikapiga magoti kumsalimia, nikabaki pale pale chini.

“Waitu,” alisema kwa Kihaya, akanyamaza. Halafu: “Hapa mvua inaanza lini?”

“Novemba, mama.”

“Inaisha?”

“Aprili. Mwanzo wa Mei.”

Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha akaingia wa pili. “Mgomba ukae miezi sita haujanywa. Ungekuwa wewe ungezaa?”

Bukoba mjini hunyesha milimita 2,000 hivi kwa mwaka, zimesambaa karibu miezi yote. Tabora inapata karibu nusu ya hizo, tena kwa mkupuo. Naweza kuifundisha somo zima darasani. Mama hakusoma zaidi ya la nne, naye alihitaji vidole tu. Kisha akasema neno lililonikaa: “Kibanja cha baba yako hukukiona kikianza. Ulikikuta.” Ni kweli. Ule udongo mweusi niliocheza juu yake ulikuwa samadi, maganda na majani ya vizazi, mtu na mkwe wake na mjukuu wake. Nilidhani migomba ya kwetu inaota kwa sababu sisi tunajua kuipanda.

Jioni akaniuliza maji ya kuoga yanakwenda wapi. Nikamwonyesha nyuma ya bafu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. “Ndiyo ile picha!” Watu sita wanaoga pale kila siku, ndoo kumi na kitu zinapita chini ya yale mashina matatu, kiangazi na masika, bila mtu kubeba hata dumu moja. Ndipo nikakumbuka kwamba kila nyumba ya mtaa wetu ina migomba miwili mitatu nyuma ya bafu, na hakuna nyumba yenye migomba mahali pengine. Nimepita mbele ya nyumba hizo miaka mingi. Nilikuwa nikiidharau kama migomba ya watu wasiojua migomba.

Kesho yake mama alikwenda kwa yule mzee wa mwembe, akakaa kivulini kwake kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, na aliporudi alikuwa anajua mambo ya Ipuli kuliko mimi. Nami nikaenda, nikamuuliza mzee kwa nini hakunionya siku ile kisimani. “Nilikwambia ni maji ya Aprili,” alisema. “Halafu kila asubuhi nikipita nakusalimu, unaniitikia umeinama. Mtu aliyeinama hafundishwi, mwalimu, anapishwa.” Nikamuuliza kuhusu uzio. Akasema mti uliokufa ukiuzika ardhini, mchwa wanajua ni wa kwao, kwa hiyo panda ulio hai. Akaninyooshea kidole minyaa ya uzio wake. Alinikatia matawi bure, toroli nne.

Minyaa haina ufundi mkubwa: kata vipande vya urefu wa mkono, viache siku chache utomvu ukauke, chomeka karibukaribu kabla ya mvua. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo watoto wakae mbali na wewe usijipanguse uso. Seng'enge ya zamani tuliipitisha humo humo ndani. Leo uzio umenipita kimo na haujanidai kitu.

Usiku wa mkesha wa mama kuondoka ndipo nilipofungua daftari. Kisima na udongo wake, 1,059,000. Uzio, 450,000. Ukoka, 40,000. Migomba, kuanzia nauli ya machipukizi mpaka dumu la mwisho, 628,000, kwa mikungu minne niliyovuna. Nikiigawa, kila mkungu umenigharimu 157,000. Na hata hapo najipendelea, kwa sababu mitatu kati ya hiyo ilitoka nyuma ya bafu. Mashimo yangu 36 yalizaa mkungu mmoja wenye ndizi kama vidole vya mtoto. Jumla kuu 2,177,000. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Hakuniuliza kuhusu zile Jumapili, wala hajaniuliza mpaka leo. Alipoondoka alibeba dumu la asali na salamu za mzee.

Desemba, mvua ziliposhika, nilipanda miembe miwili ya kubebeshwa, umbali wa mita tisa. Katika mji huu ambao miembe mikubwa imejaa mabarabarani na kwenye nyua za watu, nilikuwa nimekaa miaka yote bila kupanda hata mmoja. Migomba iko mitano, yote nyuma ya bafu. Baadaye maji ya Ziwa Victoria yalifika mtaani, yakitokea Ihelele huko Misungwi, nami nilipofungua bomba siku ya kwanza nilisimama nikicheka peke yangu: ziwa la kwetu limenifuata. Baba watoto akaniangalia kwa wasiwasi, akasema, “Mama, kuna mita.” Nikamwambia asiogope.

Kisima tulikifukia kabla ya mvua za 2020, kwa sababu mtoto wa jirani alikutwa amekalia mfuniko. Shimo kavu lisilotumika si la kuachwa hata siku moja. Kulifukia kulitaka udongo, na udongo wetu, kama unavyokumbuka, ulikuwa chini ya sebule ya mtu wa mtaa wa pili. Tukanunua mwingine, tripu mbili za lori, laki moja, na elfu arobaini za vijana wa kushindilia. Hawakushindilia vya kutosha. Kila masika pale mahali panazama kidogo, panakuwa kama bakuli, na kila mwaka naongeza toroli kadhaa za udongo. Mwaka huu pamezama tena. Nimemwagiza kijana wa mkokoteni, kasema atakuja Jumamosi, elfu nane. Nimeshaiandika.